Eunice Lorton na Mtihani wa Nyuma ya Tangi

Eunice Lorton ni bibi yangu, ingawa amenizidi miaka kumi na miwili tu. Kwetu Kisima Namba Tano, jangwani katika nchi ya kangaruu, kila mtu huzaliwa ndani ya fungu, na fungu ndilo linaloamua nani ni mama yako, nani ni kaka yako, na nani huruhusiwi hata kumtazama usoni. Fungu lake na langu yanatufanya bibi na mjukuu. Kwa hiyo tuna ruhusa ya kutaniana, na yeye ruhusa hiyo anaitumia yote.

Naandika habari zake kwa sababu nataka kumshukuru, na mdomoni shukrani hainitoki vizuri. Kwenye karatasi napata nafasi ya kufuta na kuanza upya.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe lililo mashariki mwetu, ambako mama yake alikuwa akifua nguo za wenye shamba. Shule alisoma madarasa matatu. Nyuma ya banda la kufulia kulikuwa na miti-damu, ile ambayo ukiikwaruza gome inatoa utomvu mwekundu, na kwenye matawi yake kulikuwa na nundu za duara, ngumu, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Sisi tunaziita nazi za porini. Ukiipasua kwa jiwe unakuta ukuta mweupe unaoliwa, na katikati yuko mwenye nyumba: mdudu mnene, laini, kama kifuko cha maji kisicho na kichwa. Naye analiwa. Watoto wengine walimtupa mdomoni mara moja. Eunice alikuwa anamgeuza kwanza kiganjani.

"Mama, kwa nini hana miguu?"

"Aende wapi?" mama yake alimjibu, akaendelea kusuuza mashuka.

Eunice ananiambia kwamba jibu hilo lilimtosha kwa miaka thelathini. Katika miaka hiyo alifua nguo kama mama yake, akaolewa na Cyril Lorton, akahamia hapa, akazaa watoto wanne, akapika katika jiko la shule miaka kumi na saba. Kisha ilipoanzishwa ofisi ya walinzi wa ardhi, akaandikwa kibarua. Mimi nilikuwa karani wa ofisi hiyo, na bado ndimi.

Mwaka wa pili wa ofisi akaja Dokta Maeve Sorrell, mtaalamu wa wadudu kutoka kusini. Daftari langu linasema alifika tarehe 9 Juni akiwa na mafua. Alitaka nazi za porini ishirini, na Eunice ndiye aliyetumwa. Akaenda na gunia, akazichuma zote ishirini, akarudi kwa miguu akipitia kambi tatu za jamaa. Sasa jamaa yako akikuambia "nipe", unampa. Mtu mwenye akili timamu hamfichi ndugu yake chakula ndani ya gunia. Alipofika ofisini alizimwaga mezani nundu ishirini, zimepasuliwa vizuri katikati, zimekwanguliwa zikawa safi kama vikombe.

"Eunice," Dokta aliuliza, "wadudu wako wapi?"

"Kumi wako kwa dada zangu. Sita kwa shemeji. Wawili alikula mzee mmoja, sikumbuki jina."

"Na wawili waliobaki?"

Eunice akajipigapiga tumbo. "Hawa nimekuletea."

Dokta alicheka mpaka akakaa chini. Safari iliyofuata alinunua maboksi mawili ya biskuti, na Eunice akawa anatembea na gunia begani na biskuti mkononi, anayeomba anapewa biskuti. Tangu hapo wadudu walifika salama.

Dokta alikuja majira matatu. Alimfundisha Eunice kumchemsha mdudu polepole katika maji ya magadi makali mpaka nyama yote iyeyuke, kumkamua taratibu kwa kijiti, kumwosha, kumtia rangi, na kumlaza juu ya kioo akiwa ngozi tupu, angavu kama karatasi ya sigara. Alimfundisha pia kwamba wadudu wanaofanya nundu si wa aina moja, na kwamba nundu inadanganya. Jina la jenasi, yaani la ukoo wa mdudu, liko mwilini: miguu, pembe za kunusia, miiba, mkia. Eunice alilifupisha somo hilo kwa namna yake. "Nyumba achana nayo," alikuwa akiniambia. "Mtazame mwenye nyumba." Alipoondoka mara ya mwisho, Dokta alimwachia hadubini yake ya zamani, ile inayotumia mwanga wa dirishani.

Miaka ikaenda. Eunice aliendelea kuandaa vioo, na taasisi za mbali zikaendelea kuvipokea. Lakini alibaki kibarua. Joto lilipoanza kila mwaka, vibarua walisimamishwa, naye alirudi nyumbani miezi minne bila kazi, hadubini ikifunikwa kwa foronya. Kisha tukatangaziwa nafasi moja ya kudumu ya mtayarishaji wa wadudu. Masharti yake: mtu atambue jenasi ya wadudu watatu walioondolewa majina, aseme ni sehemu zipi za mwili zilizomwonyesha, na apate zote tatu. Aruhusiwe kujaribu mara tatu.

Mara mbili za kwanza alikuja mtahini mmoja kutoka mjini, mzungu mwenye ndevu, mtu mwema. Alikaa mbele ya Eunice, magoti karibu yagusane, akamtazama machoni na kumuuliza, "Huyu ni nani?" Eunice alinyamaza. Akamuuliza tena kwa upole zaidi. Eunice akatazama sakafu. Mara zote mbili karatasi yake ilirudi tupu.

"Bibi, si ulikuwa unamjua?" nilimuuliza baada ya ile ya pili. "Yule wa kwanza hata mimi nilimjua!"

"Yeye mwenyewe alikuwa hamjui?"

"Alikuwa anamjua, bibi. Ndiyo maana ni mtahini."

"Basi kama anajua, ananiuliza nini? Mtu mzima na ndevu zake." Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira niliona ameaibika, na hilo ndilo lililoniuma.

Ilibaki mara moja. Mimi, kwa nia njema, nikaandika barua ndefu mjini nikiomba mtahini wa watu wetu, anayeijua lugha yetu, asiyekaza macho. Wakakubali. Jina lililoletwa lilikuwa Darryl Finney, jina ambalo halikuniambia lolote. Mtu yeyote wa hapa angeuliza kwanza fungu lake. Mimi, niliye na daftari la kila kitu, sikuuliza.

Alifika Jumatano, tarehe 16 Julai, saa tatu asubuhi, baridi bado iko kwenye mabati. Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea majina. Alishuka kwenye Toyota akiwa amevaa kofia pana, kijana wa miaka ishirini na minane hivi, na kisanduku chenye chupa tatu kwapani. Eunice alikuwa amekaa barazani, nywele amezichana kwa maji.

"Karibu," nilimwambia. "Wewe ni wa nani?"

"Mtoto wa Lindsay Finney, wa Mto wa Chumvi. Bibi yangu ni yule aliyekuwa akiishi kwa wale wenye punda."

Nilihesabu vidoleni: baba yake, baba wa baba yake. Nikahesabu tena kwa sababu sikulipenda jibu.

"Basi wewe ni baba yangu," nilisema. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu akitabasamu, na mimi wakati huo nina miaka hamsini na mmoja. Kisha tabasamu likamwisha. "Ngoja. Huyu Eunice Lorton ni nani yako?"

"Bibi yangu. Upande wa mama."

Hakungoja neno jingine. Aligeuka kama aliyechomwa, akazunguka Toyota, akachuchumaa nyuma ya gurudumu, kofia ameishusha mpaka puani. Nilipotazama barazani, Eunice alikuwa amekwisha kujifunika kitambaa kichwani na uso ameuelekeza ukutani. Alikuwa amelisikia jina la Lindsay Finney, na yeye huhesabu haraka kuliko mimi. Akiwa baba yangu, na Eunice ni bibi yangu upande wa mama, basi kijana yule alikuwa mkwe wake. Hawakuwahi kuonana maishani, lakini mkwe ni mkwe. Hawezi kumtazama, hawezi kumsemesha, hawezi kukaa naye chumba kimoja. Na mimi ndimi niliyemleta ili wakae chumba kimoja waulizane maswali.

Nilikwenda kuchuchumaa na mtahini nyuma ya gurudumu.

"Nitarudi mjini," alisema. "Walete mwingine."

"Ijumaa wanafunga. Kwenda na kurudi ni kilomita mia sita za mchanga."

"Mwanangu, unataka nifanye nini? Nimuulize mama mkwe wangu maswali? Baba yangu atanizika nikiwa hai."

Wakati huo ndipo alipotokea Topsy Lorton, wifi yake Eunice, dada wa marehemu Cyril, akiwa na mbwa wake Sarjenti na kikombe chake, maana kila asubuhi hufuata chai ya ofisini. Alitazama baraza, akatazama gurudumu, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Aliyeleta huyu nani?" aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Hongera. Umesoma mpaka umepitiliza." Akajimiminia chai. "Hiyo fomu inasemaje? Lazima watazamane?"

Niliikimbilia fomu. Nilikuwa naijua, lakini niliisoma upya neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Ilisema mtahiniwa aeleze kwa mdomo wake mwenyewe, kwa lugha yoyote anayoijua, bila msaada, na mtahini asikie. Basi. Haikusema mtahini aonekane, wala haikusema maelezo atolewe kwa nani.

"Vizuri," Topsy alisema. "Mimi miaka yote hii sijafundishwa hayo madudu yake. Leo anifundishe. Kama kuna mtu amekaa nje na ana masikio, hayo ni masikio yake."

Nje ya dirisha la chumba cha hadubini kuna tangi la maji la bati. Mtahini alikaa nyuma ya tangi hilo, mgongo kwa ukuta, karatasi zake magotini. Tukakubaliana akitaka kuuliza atauliza kupitia kwangu, na akiridhika atagonga tangi mara moja. Mimi nilisimama kwenye pembe ya nyumba, mahali ninapoona pande zote mbili. Nikaupeleka ndani mzigo wa chupa.

"Haya, mwalimu," nilimsikia Topsy. "Nimekuja na ujinga wangu wote."

"Huo wote hauenei humu. Mwingine uache nje na mbwa. Kaa hapa. Tazama."

"Naona majani meusi."

"Hizo ni kope zako. Sogeza jicho nyuma. Unaona nini?"

"Lo! Naona kifuko."

"Kifuko cha nani? Ana miguu?"

"Sioni miguu."

"Huioni kwa sababu hana hata mmoja. Pembe za kunusia je, huku mbele?"

"Kuna vipele viwili, kama chunusi."

"Ndivyo vilivyobaki. Zamani za mababu zake labda zilikuwa pembe, sasa ni vipele. Njoo nyuma sasa, mwisho wa mwili. Hicho cheusi, kigumu, cha duara?"

"Kama kifungo cha koti."

"Kifungo! Umesema vizuri, sikutegemea. Nyumba yake ina tundu moja dogo, na tundu hilo analiziba kwa kifungo hicho. Anaishi kichwa ndani, makalio mlangoni, mpaka kufa."

"Kumbe ndugu yako," Topsy alisema. "Ndivyo unavyokaa kwenye foleni ya kliniki."

Nyuma ya tangi nilimwona mtahini akiuma kofia yake asicheke.

"Na watoto wake wanatokaje, kama amezuia mlango?" Topsy aliuliza.

"Wa kiume huota mabawa na tumbo refu. Wa kike hawana mabawa, ni wadogo kama vumbi. Siku ya kutoka, dada hao humpanda kaka yao mkiani, naye huruka nao kwenda kutafuta mti mwingine."

"Kaka yangu hakuwahi kunibeba hata kwenye Toyota! Aliniacha njiani na magunia ya unga!"

"Kwa sababu ulikuwa unaongea. Huyu ni Cystococcus. Hana miguu, pembe zimebaki vipele, nyuma ana kifungo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Tangi liligongwa mara moja. Nikaanza kupumua.

Chupa ya pili haikumchukua dakika kumi. "Miguu sita," alimwonyesha Topsy, "midogo kuliko mwili, lakini yote iko. Mgongoni miiba, imepangwa safu kwa safu. Na mkiani ncha mbili ngumu, zimekaa pamoja kama mkasi uliofungwa. Huyu ni wa mkalitusi, mti-damu hataki hata kuusikia. Apiomorpha."

"Analiwa?"

"Kula hiyo miiba, halafu uje unisimulie."

Tangi likagongwa.

Chupa ya tatu niliiogopa tangu nilipoibeba. Mdudu wake hakuwa ameandaliwa. Alikuwa mzima ndani ya pombe ya kuhifadhia, amevimba, mweusi, pamoja na nusu ya nundu ya duara. Kikaratasi kilichobandikwa kilisema ametoka kwenye mti-damu. Eunice alimtoa, akamlaza kwenye kisahani, akamtazama. 

Alinyamaza muda mrefu. Nilikuwa nimekwisha kuusikia ukimya huo mara mbili, na mara zote mbili ulimalizika kwa karatasi tupu. Mtahini nyuma ya tangi aliinua kichwa kunitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kumsaidia hata kwa neno moja kungeharibu kila kitu.

"Wifi," Topsy alisema hatimaye, "umelala? Hata mimi huyu namwona. Nyumba ya duara, mti-damu, nyuma kuna kitu cheusi cha duara. Si yule wa kifungo?"

"Hajaoshwa," Eunice alisema. "Mdudu hajaoshwa, mimi nitamsemea nini? Mjukuu! Waambie wanaosikia kwamba ninachemsha maji."

Nilimfikishia mtahini. Alisoma fomu, akaona muda uliowekwa ni mpaka saa saba mchana, akagonga tangi.

Ilichukua saa moja na nusu. Nilipeleka chai dirishani na chai nyuma ya tangi, na mkate uliookwa majivuni nikaukata sawa kwa sawa. Ndani nilisikia maji ya magadi yakitokota, na Topsy akilalamikia harufu. Sikusikia sauti ya Eunice hata mara moja. Saa sita na robo mdudu alikuwa juu ya kioo, amekuwa ngozi tupu yenye rangi ya waridi.

"Tazama sasa," Eunice alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya jikoni kwake. "Hesabu huku pembeni."

"Mguu... mguu mwingine. Wifi, huyu ana miguu!"

"Alikuwa ameikunja. Mgongoni?"

"Miiba. Safu kwa safu."

"Na nyuma?"

"Lakini kifungo kipo!"

"Tazama ukingo wake. Kifungo cha kweli kina ukingo laini. Hiki kimechongoka, kina ufa. Hiki ni kisiki. Aliyeipasua nundu alianza na kisu upande wa mlangoni, na mwenye nyumba hukaa mkia mlangoni, kwa hiyo akamkata mkia bila kujua. Kilichobaki ndicho kinachoonekana kama kifungo. Huyu ni Apiomorpha. Na aliyeandika mti-damu hakuuona mti."

Nilingoja tangi ligongwe. Halikugongwa.

Nikaenda nyuma ya tangi. Mtahini alikuwa ameifunika karatasi yake ya majibu kwa kofia, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mwanangu," alininong'oneza, "muombe aseme tena."

Nilisema dirishani kwamba limeombwa jibu tena.

"Topsy," Eunice alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, "uambie huo ukuta kwamba nimesema Apiomorpha, na ukiniuliza kesho nitasema Apiomorpha."

Mtahini alisugua macho. "Lazima nitazame mwenyewe," alisema.

Hapo ikabidi wabadilishane nafasi bila kuonana. Topsy alimfunika Eunice shali mpaka kiunoni, akamtoa kwa mlango wa nyuma kama anayemtoa bibi harusi, huku akimkanyaga visigino. Walipofika nyuma ya banda la petroli nilipiga kelele, "Njia!" na mtahini akaingia kwa mlango wa mbele, akiwa ameinama ingawa hakukuwa na mtu. Aliegemea hadubini. Alikaa hapo dakika ishirini. Niliziandika.

"Mmoja," nilimsikia akihesabu kwa sauti. "Miwili. Mitatu, minne. Wa tano. Wa sita uko wapi?"

Kutoka nyuma ya banda la petroli ikasikika sauti ya Eunice akimfokea mbwa. "Sarjenti! Wa sita umekunjwa chini ya tumbo, kushoto! Mbwa gani huyu asiyetazama vizuri!"

Sarjenti alibweka. Mtahini akasogeza kioo kidogo, kisha akasema polepole, "Sita."

Alikaa chini kwenye kiti cha Topsy. Aliniambia karatasi ya majibu kutoka mjini inasema Cystococcus. Akiifuata, Eunice amepata mbili, na zinatakiwa tatu.

"Na ukifuata ulichokiona, baba?"

Alikuwa kijana, ameajiriwa mwaka wa kwanza, na karatasi ile ilikuwa imetiwa saini na mkubwa wake. Sikumlaumu kwa kufikiri. Nilisimama pale nikiwaza kwamba kama bibi angeshindwa leo, ningekuwa nimemwangusha mimi.

"Wao walisoma kikaratasi cha chupa," alisema mwishowe. "Hawakumwosha." Akachomoa kalamu, akaandika Apiomorpha, akaandika miguu sita, miiba kwa safu, mkia uliokatwa, akatia saini. Kile kioo akakifunga kwenye pamba. "Naondoka nacho. Atakayebisha atazame."

Hakuweza kumkabidhi karatasi. Aliiacha juu ya kizingiti cha dirisha, akaiwekea jiwe, akaondoka na Toyota yake akiwa ametazama mbele tu. Mimi ndimi niliyemsomea Eunice: amefaulu, tatu kwa tatu. Hakulia wala hakucheka. Alichukua kisahani akaanza kukiosha.

"Alikula?" aliuliza. "Huyo."

"Alikula mkate, bibi."

"Mkate mtupu? Hamna aibu nyie."

Topsy alipokwenda kumfunga mbwa, nilimwomba Eunice msamaha. Nilimwambia nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza asingelifanya, na karibu nimpotezee kazi.

Alikausha kisahani kwa ncha ya sketi. "Ungeuliza fungu lake," alisema, "wangeniletea tena yule mwenye ndevu. Angekaa hapa, magoti kwa magoti, akanikodolea macho, na mimi ningenyamaza. Leo hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi nilikuwa namfundisha wifi yangu." Akanifinya sikio kwa vidole, kama anavyofanya akitaka nisimjibu. "Sasa acha kununa. Washa moto."

Nimekuwa na shukrani nyingi maishani, lakini ile niliyoihisi nikipuliza moto ule sijui kama nimewahi kuihisi tena. Nilimshukuru Dokta Sorrell aliyemwachia hadubini, na Topsy na mdomo wake, na zaidi ya wote kijana yule aliyeliamini jicho lake kuliko karatasi ya mkubwa wake.

Barua ya kazi ya kudumu ilifika tarehe 8 Agosti. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja wa kusema kwamba chupa namba tatu imebadilishwa kikaratasi. Kwenye gari hilo hilo la barua kulikuwa na mikia minne ya kangaruu iliyogandishwa, imefungwa kwa kamba, haina jina la aliyeituma wala la aliyetumiwa. Sote tulijua. Mkwe hamtazami mama mkwe wake, lakini humlisha.

Nilimsomea barua mara mbili. Mara ya pili alifumba macho. Kisha akaniambia niketi niandike jibu.

"Washukuru wa ofisi," alisema. "Na umshukuru huyo. Umwandikie vizuri, kwa maneno marefu, wewe unayajua. Mwambie mikia ilikuwa na mafuta. Lakini jina langu usiliweke karibu na lake."

"Karatasi moja, bibi. Mistari kumi katikati inatosha?"

"Mjukuu."

Niliandika karatasi mbili. Ya kwanza ina jina la Darryl Finney na shukrani za nyumba nzima, bila kumtaja mtu. Ya pili inakwenda ofisini na ina jina la Eunice Lorton, mtayarishaji wa wadudu, ajira ya kudumu. Nikazitia katika bahasha mbili, nikazipeleka kwenye gari la barua, moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto.